Jangwa bila kiu: kusoma afishi za zamani za reli



Kuna picha zinazopendwa tena siku hizi. Utaziona zimetundikwa katika restora, zimechapwa kwenye tisheti, ao zimewekwa nyuma ya saa katika telefone ya mtu: jabali jekundu, mbingu pana, kivuli cha zambarau, pengine mtu mdogo juu ya farasi ao ngamia, na chini kabisa jina la kampani ya reli. Ni afishi za zamani za safari za treni, zile zilizochapwa tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka miaka ya 1950 hivi. Kati yao, zile za jangwa njo zinanishika mimi kupita zote.

Nikizungumza juu yake na wenzetu, napata majibu mawili. Wa kwanza anasema: ni nzuri sana, basi. Wa pili anasema: ni ukoloni, basi. Wote wawili wamefunga mlango kabla ya kuangalia. Mimi naona hizi afishi ni kazi bora za mkono, na naona tena zinadanganya. Jambo la kutusumbua kichwa ni kwamba uzuri na uongo vinatoka mahali pamoja, katika maamuzi yaleyale ya mchoraji. Ukijua kuyasoma yale maamuzi, utasoma picha nyingi zingine, hata zile zinazotengenezwa leo juu yetu, na zile tunazozitengeneza sisi wenyewe.

Tuanze na biashara, juu hakuna kampani ya reli iliyopenda sanaa bure. Reli inaishi kwa mizigo na abiria. Jangwa halina mizigo mingi wala abiria wengi. Wakati wa mashine za mvuke lilikuwa pia hasara ya maji: mashine inakunywa kila mara, na pale pasipo na mto, maji yanapaswa kuchimbwa ao kuletwa na treni yenyewe. Kwa kampani, jangwa lilikuwa kipande cha njia cha kupita haraka, na usiku kama inawezekana, mpaka ufike mahali penye faida.

Kampani ya Atchison, Topeka and Santa Fe ya Marekani, ambayo watu waliita Santa Fe tu, ilikuwa na shida hiyo kabisa. Njia yake ya kutoka Chicago kwenda Los Angeles ilikata New Mexico na Arizona, na washindani wake walikuwa na njia zingine za kufika California. Utafanya nini kama duka lako liko nyuma ya uwanja mtupu? Santa Fe iliamua kuuza ule uwanja.

Mwaka 1892 ilimpeleka mchoraji Thomas Moran kwenye bonde kubwa la Grand Canyon. Moran hakuwa mgeni pale. Alifika mara ya kwanza mwaka 1873 pamoja na msafara wa John Wesley Powell, na mchoro mkubwa alioutoa katika safari ile ulinunuliwa na bunge la Marekani kwa dola 10,000. Safari ya 1892 ilisimamiwa na reli, na kwa badala kampani ikapata haki ya kuchapa mchoro wake kwa rangi na kuusambaza. Sasa angalieni tarehe vizuri. Mwaka 1892 treni ilikuwa bado haijafika kwenye ukingo wa bonde. Ilifika mwezi wa 9, mwaka 1901. Picha ilitangulia reli kwa miaka 9. Watu walianza kupenda mahali ambapo treni haikuweza hata kuwafikisha, na wakati treni ilipofika, walikuwa tayari wanajua watakachokiona.

Kisha mambo yakaenda mbio. Hoteli ya El Tovar ilifunguliwa pale ukingoni mwaka 1905. Mkubwa wa matangazo wa kampani, William Haskell Simpson, alianza kununua michoro ya wasanii, mingi ikiwa ya jangwa na ya wenyeji wake. Kuanzia 1907 kampani ikatoa kalenda zenye michoro hiyo, zikaingia katika nyumba, buro na shule. Mtoto wa Chicago alikua akiangalia jangwa ukutani mwaka mzima. Kazi ya afishi ilipofika, shamba lilikuwa limekwisha kulimwa.

Sasa tuingie katika imprimeri, juu mule njo uzuri wenyewe unazaliwa. Mimi napanga afishi kwa kazi yangu: arusi, matanga, konseri, kampeni. Kwa hiyo naziangalia hizi za zamani kama fundi anavyoangalia nyumba ya fundi mwingine, nikitafuta ni wapi alipata taabu.

Litografia iligunduliwa na Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa karne ya 18. Kanuni yake ni nyepesi: maji na mafuta hayapendani. Mchoraji anachora juu ya jiwe laini kwa kitu chenye mafuta. Jiwe likiloweshwa, wino unashika paka pale palipochorwa. Lakini kila rangi inataka jiwe lake, baadaye bamba lake la chuma. Karatasi inapita mara moja kwa kila rangi, na ikisogea kidogo tu, mbingu inaingia ndani ya mlima. Kila rangi ya zaidi ni pesa, ni siku, ni hatari ya kuharibu.

Ile chapa ya Moran ilijaribu kuiga mchoro wa mafuta, kila mwamba na kila wingu. Wachoraji wa miaka ya 1920 na 1930 waliacha mashindano hayo. Roger Broders, Mfaransa aliyefanya afishi nyingi za kampani ya PLM, yaani reli ya Paris, Lyon na Mediterania, alijifunza kusema mambo makubwa kwa rangi chache zilizolala bapa, bila kuchanganya. Kivuli hakipungui polepole. Kinakatwa kama kwa makasi. Jua halichorwi, unalijua kwa ukali wa ule mkato.

Na jangwa lilikuwa kama limeumbwa kwa ufundi huu. Fikirini mtu akiambiwa achape msitu wa Ituri kwa rangi 5. Majani, mizizi, mwanga unaopenya hapa na pale, ukungu: atalia. Lakini jangwa linajipanga lenyewe: mbingu jiwe moja, mchanga jiwe moja, mlima jiwe moja, kivuli jiwe moja, na moja linabaki kwa maandishi. Weka rangi ya machungwa kando ya buluu, macho yanaruka, juu rangi hizo mbili zinapigana na kusaidiana kwa wakati mmoja. Shusha mstari wa upeo chini kabisa ya karatasi, mbingu inakuwa kubwa na mtu anayeangalia anajisikia amepumua. Hii si bahati. Mtu wa stesheni anapita mbio na valizi mkononi. Afishi iko na sekunde 3 za kumkamata. Utupu njo unaomkamata.

Tukiwa hapa, niseme kidogo juu yetu. Afishi zetu za mjini zinaogopa utupu kama watoto wanavyoogopa giza. Picha za wapasta 9, aina 6 za maandishi, namba 4 za telefone, moto nyuma, simba mbele, na tarehe imejificha chini ya kiatu cha mtu. Mteja anasema: nimelipa karatasi yote, ujaze yote. Wale wachoraji wa reli walijua kwamba nafasi tupu ni kitu kilicholipiwa pia, tena njo kitu cha bei kali zaidi. Somo hilo nalichukua bila haya. Anayesema hatuna la kujifunza katika hizi afishi hajawahi kusimama mbele ya mashine ya kuchapa.

Lakini utupu ule ulipatikana namna gani? Hapa njo shida inaanza. Juu katika karatasi, ili upate nafasi, unafuta. Tuulize basi: nini kilifutwa?

Cha kwanza ni treni yenyewe. Ni ajabu, lakini angalia nyingi ya hizi afishi za jangwa: treni haipo, ao iko mbali ndogo kama mdudu. Reli haipo. Waya za telegrafu hazipo. Tangi la maji halipo. Kampani ya reli inauza mahali kana kwamba reli haijawahi kupita pale. Mtalii hataki kuona chuma. Anataka kuamini kwamba yeye ni wa kwanza kufika, hata kama amekuja na wenzake 200 katika wagoni yenye chakula cha moto.

Cha pili ni kazi. Mwaka 1880 watu wa Laguna, moja ya vijiji vya kale vya Wapueblo huko New Mexico, walifanya makubaliano ya mdomo na wajenzi wa reli ile: njia itapita katika ardhi yao, nao watapewa kazi. Waliyachunga yale makubaliano kama kitu chenye uhai, wakayafanya upya mwaka kwa mwaka. Wenyewe walisema ni kumwagilia ua. Wakati wafanyakazi wa garaji za treni walipogoma mwaka 1922, Santa Fe ilileta watu wa Laguna na wa Acoma mpaka Richmond, California. Walikaa palepale katika uwanja wa treni, ndani ya wagoni za mizigo zilizogeuzwa nyumba, na jamii ile ikaishi pale miaka mingi, watoto wakazaliwa pale.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1937 Santa Fe ilitoa wagoni mpya zinazong'aa kwa treni yake ya kifahari, Super Chief. Kila wagoni ilipewa jina. Moja iliitwa Acoma. Moja iliitwa Laguna, nayo ilikuwa ya kulala. Kwa hiyo katika reli ileile, wakati uleule, kulikuwa na wagoni ya Laguna ambamo tajiri wa Chicago alilala juu ya shuka, na kulikuwa na watu wa Laguna waliolala ndani ya wagoni za mizigo. Jina lilipanda treni. Wenye jina walibaki uwanjani na spana mkononi. Sijui kama kuna ukosoaji wa afishi unaoweza kupita huo, na haukuandikwa na mkosoaji yeyote. Kampani iliuandika yenyewe kwa rangi pembeni ya wagoni zake.

Tuje kwa yule mtu aliyebaki ndani ya picha. Juu kuna mwenyeji mara nyingi: amekaa juu ya farasi, ao amesimama na blanketi begani, akiangalia bonde. Ameangalia mbali, uso wake hauonekani vizuri. Hafanyi kitu. Hachungi mbuzi, hachoti maji, hauzi, hasubiri treni. Kazi yake katika picha ni kutuonyesha jinsi mlima ulivyo mkubwa, kama vile mpiga picha anavyoweka sanduku la kibiriti kando ya samaki. Tena wachoraji wa matangazo hawakujali sana yeye ni nani. Kile kichwa cha mashine cha rangi nyekundu cha Super Chief kilipewa umbo la kofia ya manyoya ya vita. Kofia ile ni ya watu wa nyanda za majani, kama Walakota; si ya Wanavajo wala ya Wapueblo ambao treni ilipita kwao. Ni kama mtu achore Mluba amevaa nguo ya Mmasai, kisha aandike chini: Karibu Kasai.

Mimi niko na kipimo kimoja kwa picha za namna hii: nani anasafiri? Katika afishi hizi mwenyeji anaangaliwa, anasindikiza, anapunga mkono. Tikiti haiko mfukoni mwake.

Wengine watasema: ndugu, ni mtindo tu wa kuchora, usitafute damu katika rangi. Basi tutoke katika karatasi, tuende ardhini. Watu wa Havasupai waliishi katika Grand Canyon na juu ya nyanda zake miaka mamia kabla ya Moran. Mwaka 1882 serikali ya Marekani iliwafungia katika eka 518 chini ya bonde, karibu hekta 210. Mashamba yao na nchi yao ya kuwinda juu ya ukingo vikawa mali ya umma, na kuanzia 1919 sehemu kubwa ikawa hifadhi ya taifa. Walidai zaidi ya miaka 90. Mwaka 1975 bunge liliwarudishia eka karibu 185,000. Na mahali palipokuwa na bustani zao, kando ya njia ya watalii, pameitwa Havasupai Gardens paka mwaka 2022.

Sisemi afishi njo iliyowafukuza. Sheria iliwafukuza kabla. Lakini mtu aliyekua na ile kalenda ukutani, mwenye picha ya bonde tupu na mpanda farasi mmoja, atapiga kura namna gani siku atakapoulizwa kama kuna watu wanaonyimwa nyumba yao? Atasema: nyumba gani? Ninaijua ile nchi, naiona kila siku, hakuna nyumba. Picha haichukui ardhi. Inafanya kuchukuliwa kwake kusiwe na kelele.

Upande wa Sahara mambo yalikuwa tofauti kidogo, na tofauti ile inafundisha. Reli ilifika Biskra, kwenye mlango wa jangwa la Algeria, mwaka 1888, na Touggourt mwaka 1914. Wafaransa na Waingereza wenye pesa walikwenda Biskra kukimbia baridi. PLM ilikuwa na treni zinazofika Marseille, na ng'ambo ya bahari ilikuwa na mabara mapya ya kuuza. Afishi zake za Afrika ya Kaskazini hazikupenda utupu sana. Zilipenda mapambo: mtende, ngamia, upinde wa mlango, mwanamke aliyejifunika, mnara. Marekani iliuza ukimya. Ufaransa iliuza soko. Lakini lile soko halina mtu anayebishana bei.

Broders alifanya afishi moja inayoita Marseille mlango wa Afrika ya Kaskazini. Kwa upangaji ni kazi safi kabisa. Lakini rudieni lile jina polepole. Mlango wa nyumba yangu uko kwa jirani, ng'ambo ya bahari, na funguo iko mfukoni mwake. Sentensi moja ya tangazo imebeba siasa nzima, na hakuna aliyeshtuka, juu rangi ni nzuri.

Kitu kimoja hakimo katika afishi zote mbili, za Arizona na za Algeria: kiu. Ni majangwa bila kiu. Jua lipo lakini halichomi, mchanga upo lakini hauingii machoni. Kwa hiyo hazikuonyesha jangwa ambalo mfanyakazi wa reli alilijua. Mwaka 1881 msafara wa kanali Flatters, uliotumwa kutafuta njia ya reli ya kuvuka Sahara, uliangamizwa na Watuareg. Wenye jangwa walijibu swali ambalo hawakuulizwa. Lakini ile ndoto haikufa. Mwezi wa 3 mwaka 1941 serikali ya Vichy ilitoa sheria ya kujenga reli kutoka Mediterania mpaka mto Niger. Walioifanyia kazi kwa lazima, katika kambi kama ile ya Hadjerat M'Guil, walikuwa Wahispania waliokimbia Franco, Wayahudi, na wageni wengine ambao baadhi yao walikuwa wamejitolea kupigania Ufaransa. Watu walikufa mule kwa kipigo, njaa na joto. Reli yenyewe haikuvuka jangwa. Kilijengwa kipande kifupi, mradi ukaachwa baada ya vita. Tukiiweka kambi ile kando ya afishi ya mtende na ngamia, tunaona jangwa moja mara mbili: moja la mtu aliyenunua tikiti, moja la mtu aliyebeba mataruma.

Nataka kuwa mwenye haki kwa upande mwingine. Biashara ile ilileta pia pesa na sifa kwa baadhi ya wenyeji. Mfano mzuri ni Nampeyo, mfinyanzi wa Hopi-Tewa, mama aliyefufua mapambo ya kale ya vyungu vya Sikyatki. Mwaka 1905 kampani ya Fred Harvey, iliyoshika hoteli na restora za Santa Fe, ilimleta yeye na familia yake kukaa katika jengo la Hopi House, kando ya El Tovar, wafinyange mbele ya watalii. Unaweza kusema: walimuweka katika dirisha la duka. Ni kweli. Lakini vyungu vyake viliuzwa vikiwa na karatasi ndogo yenye jina lake, na jina lile linajulikana mpaka leo katika mamuze makubwa. Angalieni tofauti. Mpanda farasi wa afishi hana jina, kwa hiyo anaweza kuwa wa kabila lolote, anaweza kuvaa kofia yoyote, anaweza kufutwa kesho. Nampeyo ana jina na ana kazi mikononi mwake. Haiwezekani kumtumia kama sanduku la kibiriti.

Juu ya nini niwaletee haya, sisi ambao hatuna jangwa? Juu tuko na reli, na tuko na afishi. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilijengwa kati ya 1890 na 1898, na hesabu rasmi ya wakati ule inasema walikufa Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Treni ilifika Elisabethville mwaka 1910. Hifadhi ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, iliundwa mwaka 1925, na kuna watu walioondolewa ili iwe pori safi. Sisi pia tuliwahi kuwa mandhari.

Na sasa zamu imefika kwetu ya kushika kalamu. Wengi wenu mutapata kazi yenu ya kwanza katika mawasiliano: ONG, hifadhi, kampani ya mgodi, hoteli ya ziwani. Mutaombwa picha ya ziwa Kivu lisilo na mtumbwi, ya mlima usio na shamba, ya kilima cha Katanga kisicho na mchimbaji. Mteja hatasema: futa watu. Atasema: nataka kitu safi, cha kisasa, chenye hewa. Na mutajua kukifanya, juu tumefundishwa vizuri. Njo pale nawaomba mukumbuke wagoni ya Laguna.

Lubumbashi iliwahi kuwa na jibu lake. Wachoraji wa mjini wa miaka ya 1970, kama Tshibumba Kanda Matulu, walifanya michoro ya aina ile tunayoita Colonie belge: bendera, mlinzi, mfungwa analala chini, fimbo juu. Ilinunuliwa na familia za kawaida, ikatundikwa juu ya kanape, watoto wakakua wakiiangalia. Hiyo pia ilikuwa kalenda ya namna yake. Kwa ufundi wa rangi, Broders anampita mchoraji yeyote wa aina ile. Nasema hivi bila kuona haya. Lakini michoro ile ilikuwa imejaa watu, kila mmoja na kazi yake, na aliyepigwa alikuwa katikati ya picha. Ilitengenezwa kwa wale wanaokumbuka. Afishi ya reli ilitengenezwa kwa yule anayepita.

Hukumu yangu ni hii. Zile za miaka ya 1920 na 1930, tuziweke kati ya kazi bora za uchapaji, tuziibe ufundi wake wote: rangi chache, upeo wa chini, kivuli cha makasi, ujasiri wa kuacha karatasi ipumue. Lakini tuache kuamini kwamba utupu wa karatasi unataka utupu wa nchi. Mtu mmoja aliyechorwa vizuri, anayefanya kazi inayojulikana, hauharibu upeo. Jaribuni wenyewe: chukueni ile afishi munayoipenda, muweke pale chini ya mlima, kwa rangi moja tu ya kivuli, mtu wa Laguna na spana yake. Rangi zinabaki zilezile, mbingu inabaki kubwa vilevile. Kinachobadilika ni kwamba mtu wa stesheni, katika zile sekunde zake 3, atajua treni yake imetengenezwa na nani.